Bwawa na Bustani: Maji Yale Yale, Mavuno Mawili

Maelezo kwa wakulima wa Kasulu na Kibondo

Mkulima wa Kasulu au Kibondo aijua vizuri miezi ya taabu ya kitoweo. Mvua hukoma mwezi wa Mei. Maharagwe yamekwisha kuvunwa, na mengi yameuzwa ili kulipa madeni. Mboga za mlimani hukauka, na mama wa nyumba hutazama chungu akijiuliza ugali utaliwa na nini. Zamani jibu lilikuwa dagaa na migebuka kutoka Ziwa Tanganyika. Lakini ziwa nalo limechoka kwa kuvuliwa bila pumziko. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa huko kwa miezi 3, tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Kufunga huko kulikuwa na maana njema. Lakini tazama, wasomaji, ni miezi gani iliyofungwa: ni ile ile ambayo sisi wa milimani hatuna mboga.

Maelezo haya yataonyesha jinsi mtu mwenye jembe, sepetu na nguvu za nyumba yake awezavyo kupata samaki na mboga katika miezi hiyo hiyo, kwa maji yale yale. Si kazi ya siku moja, wala si njia ya kutajirika. Ni kazi ya kupata kitoweo, na akiba kidogo ya kuuza.

KWA NINI SAMAKI NA MBOGA HUPATANA

Samaki akila, si chakula chote kigeukacho nyama. Sehemu kubwa hurudi majini, kwa mavi yake na kwa njia ya matamvua yake. Kitokacho huitwa amonia, nacho kikizidi ni sumu kwa samaki mwenyewe. Lakini ndani ya maji na tope wamo vijidudu wasioonekana kwa macho. Hao huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ni chakula cha mimea, na ni kitu kile kile ambacho mkulima hukinunua dukani ndani ya mfuko wa mbolea ya chumvichumvi.

Basi uchafu wa samaki ni mali ya mboga. Mtu achotaye maji ya bwawa na kuyamwaga kwenye mchicha anafanya kazi mbili kwa mkono mmoja: anainywesha mboga na kuilisha. Tena, akiongeza maji mapya bwawani mahali pa yale aliyoyachota, samaki hupata nafuu.

FUNZO LA MABWAWA YA ZAMANI

Si mara ya kwanza wakulima wa nchi hii kuambiwa wachimbe mabwawa. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya. Watu walipendezwa, na kufikia mwaka 1968 mabwawa yaliyochimbwa nchini yalikuwa karibu 8,000. Lakini mengi hayakuzaa kitu. Mengine yalikauka wakati wa ukame. Mengine yalijaa samaki wadogo kama kidole, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwapunguza. Na mengine yaliachwa tu, yakaota majani.

Nalitaja jambo hili ili tulione kosa mahali lilipo. Samaki hawakuwa na kosa, wala udongo haukuwa na kosa. Kosa ni kulidhani bwawa kuwa shimo la kutupia samaki na kurudi kuvua. Bwawa ni shamba. Hupaliliwa, hutiwa samadi, hupunguzwa na kuvunwa kwa wakati wake, kama shamba la mahindi.

KUCHAGUA MAHALI

Nchi yetu ya Buha ina vilima na mabonde, na jambo hilo ni faida. Panga kazi yako ifuate mteremko: juu kabisa banda la mbuzi au kuku, chini yake bwawa, chini ya bwawa bustani, na mwisho kabisa mto. Hivyo samadi hushuka kwenda bwawani bila kubebwa mbali, na maji hushuka kwenda bustanini kwa mfereji mdogo, bila kuchosha mgongo.

Usichimbe ukingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, na zile ziwezazo kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria hiyo yamlinda mkulima pia, kwa maana bwawa lililo karibu na mto huchukuliwa na mafuriko ya mwezi wa Machi au Aprili. Leta maji kutoka chemchemi au kijito kwa mfereji. Lakini kabla ya kukata mfereji, ulizia kibali cha kutumia maji katika Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, iliyo Kigoma, na upatane na majirani walio chini yako. Ugomvi wa maji ni mbaya kuliko ugomvi wa mpaka.

Kisha pima udongo. Chimba shimo la kina cha kiuno, ulijaze maji asubuhi. Jioni, maji yaliyozama yarudishie mpaka shimo lijae tena, ulifunike kwa majani. Kesho yake asubuhi tazama. Kama maji mengi yangalimo, mahali hapo pafaa. Kama yamekwisha, tafuta mahali pengine, wala usijidanganye kwamba bwawa kubwa litafanya lile lililoshindikana kwa shimo dogo.

KUCHIMBA

Chimba wakati wa kiangazi, tangu Julai hata Septemba, maana ardhi ni ngumu na haiporomoki. Kwa mwanzo bwawa la mita 10 kwa mita 10 latosha. Anayeanza na kubwa zaidi huchoka kabla ya mavuno.

Kwanza ondoa udongo wa juu wenye rutuba, uuweke kando; huo ni mali ya bustani, usiutumie kujengea ukuta. Udongo wa mfinyanzi utokao chini ndio wa kujengea kuta. Weka tabaka jembamba, shindilia kwa gogo, weka jingine, shindilia tena. Ukuta usisimame wima: kwa kila mita 1 ya kwenda juu, upande wa ndani ulale mita 2. Juu yake uwe na upana wa mita 1, ili mtu apite na debe lake. Upande mmoja maji yawe na kina cha nusu mita, na upande wa pili mita 1, sakafu ikiteremka vizuri. Ukuta uzidi maji kwa sentimita 30.

Njia ya kuingizia maji na njia ya kutolea yaliyozidi ziwekwe wavu mdogo. Wavu wa kutokea una maana kubwa huku kwetu. Mito mingi ya Kasulu na Kibondo humwaga maji yake Malagarasi, na katika mto huo na matawi yake yumo perege asiyepatikana pengine duniani. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi ilikuwa ya kwanza ya Tanzania kuandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu wote. Samaki wa kufugwa akiponyoka aweza kuzaana na yule wa asili na kuuharibu uzao wake. Basi maji yanayozidi yapitishe bustanini kwanza, yasiende moja kwa moja mtoni.

Usipande miti juu ya ukuta, kwa sababu mizizi hupasua. Panda nyasi fupi tu.

KUYALISHA MAJI KABLA YA SAMAKI

Mvua za Novemba zikianza, nyunyiza chokaa ya shamba kwenye sakafu na kuta, kilo 10 mpaka 20 kwa bwawa la ukubwa huo. Asiye na chokaa atumie majivu ya jikoni. Jaza maji. Katika pembe moja jenga uzio wa fito, ndani yake utie majani mabichi na samadi, uwe kama shimo la mboji lililo majini. Kila wiki ongeza debe moja la samadi ya ng'ombe. Ya kuku ina nguvu zaidi, basi itiwe robo ya debe tu.

Baada ya siku chache maji yatageuka rangi na kuwa kijani. Usiogope, huo si uchafu. Ni mimea midogo sana, nayo ni malisho ya perege kama nyasi zilivyo malisho ya mbuzi. Kipimo chake ni mkono wako mwenyewe. Uzamishe wima taratibu ukivitazama vidole. Vikipotea maji yafikapo kwenye kiwiko, ni vema. Ukiviona hata kupita kiwiko, ongeza samadi. Vikipotea maji yafikapo kwenye kifundo cha mkono, acha kabisa kutia samadi mpaka maji yapungukiwe na rangi.

KUPANDIKIZA SAMAKI NA KUWALISHA

Mwezi wa Januari maji yakiwa tayari, tafuta vifaranga 200 wa perege, yaani 2 kwa kila mita ya mraba. Mwulize Afisa Uvuvi wa wilaya ni aina gani iruhusiwayo na wapi ipatikanapo mbegu safi. Wasafirishe asubuhi na mapema. Ufikapo usiwamwage kwa ghafula. Tia chombo chao bwawani, uchanganye maji kidogo kidogo kwa muda wa dakika 20, kisha uwaache watoke wenyewe.

Chakula cha nyumbani chatosha: pumba za mahindi, machicha ya pombe, kumbikumbi, majani ya magimbi na ya viazi vitamu yaliyokatwa vipande. Walishe kila siku mahali pamoja na saa moja ile ile, kama saa nne asubuhi, jua likiisha kuyapasha maji. Wape kiasi wakimalizacho kwa dakika 15 mpaka 20. Kinachobaki huoza chini, nacho kikioza huimaliza hewa ya samaki.

Perege huanza kuzaa akiwa na miezi 2 au 3 tu. Hiyo ndiyo sababu ya mabwawa kujaa samaki wa kidole. Tangu mwezi wa Aprili toa wadogo kwa chandarua au kikapu. Wakikaangwa huliwa kama dagaa, na watoto huwapenda.

BUSTANI, NA HESABU YA MAJI

Bustani itumiayo maji ya bwawa yafaa sana kwa mchicha, sukuma wiki, kabichi, mnavu, nyanya na vitunguu. Mboga za majani ndizo zifaidikazo zaidi. Changanya matutani ule udongo wa juu uliouweka kando. Mwagilia udongo, usimwagilie majani ya mboga, hasa zile zinazoliwa mbichi, nazo zioshwe kwa maji safi kabla ya kuliwa.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tuta la mboga wakati wa kiangazi hutaka karibu lita 5 za maji kwa siku kwa kila mita ya mraba. Bustani ya mita 10 kwa mita 10 basi hutaka lita 500, ndizo debe 25. Ukichota kiasi hicho, maji ya bwawa lako hushuka nusu sentimita. Jua na upepo nao huchukua karibu kiasi hicho hicho. Hiyo ni sentimita 1 kila siku, na sentimita 30 kila mwezi, mbali na yanayozama ardhini. Kama huna chemchemi ya kuongeza maji, bwawa ulilolianza Juni likiwa limejaa litakuwa tope kabla Agosti haijaisha.

Kwa hiyo aliye na maji ya kuingia kiangazi chote aweza kulima bustani nzima. Asiye nayo alime nusu tu, kwa debe 12 au 13 kila siku, naye aishike sheria hii: samaki wayafuate maji. Maji yakipungua robo, samaki nao wapunguzwe robo. Anza kuwavua mwezi wa Juni, wale walio wakubwa, wachache kila wiki, kwa ndoana au wavu. Mwisho wa Agosti lifungue bwawa, umwage maji yote matutani, uwavue wote. Tope la chini ulitie bustanini, kwa maana ni samadi bora. Kisha rekebisha kuta na ungoje mvua.

Mtu asiyenunua chakula cha kiwandani asitazamie zaidi ya kilo 15 mpaka 25 za samaki katika bwawa hilo kwa mwaka. Mimi naona si haba. Ni kitoweo cha miezi ya shida, tena juu yake ziko mboga.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sheria hii sikuisoma kitabuni tu. Nilipochimba bwawa langu la kwanza nilikuwa nimekwisha kuwafundisha watu wengi, nikajiona najua. Samaki walistawi. Agosti ilipofika mke wangu aliniambia, "Maji yamefika magotini; tuwavue." Nikakataa. Nilitaka kungoja sikukuu ya mwisho wa mwaka, bei ipande, nipate karo ya watoto. Tena, kwa kuwa samaki walionekana wana njaa, nikaongeza samadi.

Mwezi wa Oktoba mawingu ya mvua za kwanza yakafunika jua siku tatu. Siku ya nne, jogoo wa kwanza alipowika, nikasikia sauti bwawani kama ya watu wanaonyonya uji. Nikaenda na taa. Samaki wote walikuwa juu, vinywa wazi, wakitafuta hewa. Tuliamka nyumba nzima, tukapiga maji kwa mabeseni, tukabeba maji ya kisimani ndoo kwa ndoo. Jua lilipochomoza wengi walikuwa wamegeuka tumbo juu.

Sababu yake ni hii. Mimea ile ya kijani hutoa hewa mchana kwa nguvu ya jua. Usiku nayo huvuta hewa, pamoja na samaki na samadi inayooza. Maji yakiwa machache, samaki wengi, samadi nyingi na jua hakuna, hewa hukwisha kabla ya mapambazuko. Niliwafukia samaki wale chini ya mgomba. Mgomba ulistawi kupita yote, nami kila niupitapo huona haya. Karo ya mwaka ule niliilipa kwa kuuza mbuzi.

Basi, ndugu mkulima, ukiona samaki juu ya maji alfajiri, usitie samadi wala chakula. Ongeza maji mapya upesi, na siku hiyo hiyo wapunguze.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza, dawa za wadudu. Bustani hii isinyunyiziwe dawa kali, maana kidogo tu ikiingia bwawani yaua. Wakulima wengi hutumia majani ya utupa kufukuza wadudu. Kumbukeni utupa ni ule ule waliotumia wazee kulevya samaki mtoni. Usiutumie hapa kabisa. Okota wadudu kwa mkono.

Pili, watoto. Bwawa la mita 1 laweza kumwua mtoto mdogo. Zungusha uzio wa fito wenye mlango.

Tatu, magonjwa. Fyeka majani ya ukingoni ili mbu na konokono wasipate makao. Mtu asikojoe majini, kwa maana kichocho huenezwa hivyo. Kinyesi cha watu kisitumiwe kamwe.

Nne, wezi. Mdiria, kenge, nyoka na fisi-maji hupenda samaki, na binadamu pia. Bwawa liwe karibu na nyumba.

ASIYE NA BONDE

Mtu akaaye mjini, mwenye ua mdogo tu, aweza kufanya jambo hili kwa tangi la maji la lita 1,000 na mapipa yaliyopasuliwa nusu, yenye kokoto kina cha sentimita 30. Maji ya samaki hupandishwa kwenye kokoto, hupita penye mizizi ya mboga, kisha hurudi tangini yakiwa safi. Chuo Kikuu cha Virgin Islands, katika visiwa vya Karibi, kilifanya kazi hiyo kwa bidii tangu miaka ya 1980, na sasa imeenea nchi nyingi.

Lakini afahamu mambo mawili. Vijidudu nilivyovieleza huchukua wiki 4 mpaka 6 kuenea katika kokoto mpya. Kwa muda huo samaki wawe wachache na chakula kiwe kidogo sana. Tena, wafanyao hivyo hutegemea pampu ya umeme, nayo ikizimika usiku samaki wengi hufa. Asiye na umeme wa hakika apandishe maji kwa ndoo mara kadhaa kwa siku, na samaki wasizidi 10. Atapata mboga za jikoni na samaki wa siku chache. Hiyo ni shule nzuri kwa yule atakayechimba bwawa baadaye.

MWISHO

Mwaka huu usichimbe bado kama hujapima udongo na kuhesabu maji. Chimba lile shimo dogo la kujaribia, uhesabu debe za kisima chako kiangazi, umwone Bwana Shamba na Afisa Uvuvi. Mwakani chimba bwawa moja. Likikaa vizuri misimu miwili, majirani watakuja wenyewe kuuliza. Ukiwaonyesha, waonyeshe pia ulipokosea.